Stenti, vali na mishipa ya kupandikiza inapoanza kuziba

Shikamoo daktari. Baba ana kisukari, aliwekewa stenti mbili miezi 7 iliyopita. Sasa akipanda ngazi kifua kinambana tena. Si mshipa ulishazibuliwa?

Marahaba. Ulizibuliwa, ila stenti ni wavu wa chuma unaokandamizwa kwenye ukuta wa mshipa, na ukuta ukijeruhiwa huota nyama ili upone. Nyama ikizidi na kula nusu ya kipenyo au zaidi, maumivu hurudi, mara nyingi kati ya mwezi wa 3 na wa 12. Stenti za zamani zisizo na dawa ziliziba kwa wagonjwa 20 hadi 30 katika 100. Zenye dawa, kwa kawaida chini ya 10. Kisukari chake kinaongeza uwezekano huo.

Wakimrudisha Cathlab (chumba cha kuchunguza na kuzibua mishipa ya moyo), ombeni mshipa uchunguzwe kwa ndani kwa mawimbi ya sauti kama mtambo upo. Picha ya eksirei huonyesha palipobana, lakini haisemi kwa nini. Wakati mwingine si nyama hata kidogo: stenti haikutanuka vizuri kwa sababu chokaa ya mshipa haikuvunjwa kwanza. Hiyo hutanuliwa kwa puto la shinikizo kubwa. Nyama hutibiwa kwa puto lililopakwa dawa, au stenti nyingine yenye dawa. Kama ni stenti ya tatu mahali palepale, ulizeni kwanza kuhusu baipasi, yaani upasuaji wa kupandikiza mshipa mwingine unaopita kando ya palipoziba. Na kifua kikimbana akiwa ametulia, msisubiri miadi, mpelekeni hospitali papo hapo.

Nina stenti ya miezi 2 na nataka kung'oa jino. Niache klopidogreli wiki moja?

Usiache, hiyo ni dawa ya kuzuia damu kuganda. Hapo hofu si nyama inayoota polepole, ni damu kuganda ndani ya stenti kwa dakika chache, na hiyo huleta shambulio la moyo. Kawaida ni aspirini miligramu 75 hadi 100 pamoja na klopidogreli 75 kila siku: miezi 6 kama stenti iliwekwa bila shambulio la moyo, 12 kama ulipata shambulio. Anayeweza kufupisha ni daktari wako wa moyo tu. Jino hung'olewa dawa zikiendelea, ukibana gozi kwa muda mrefu kidogo. Tumbo likiuma, omba pantoprazo badala ya omeprazo, kwani omeprazo hupunguza nguvu ya klopidogreli.

Mke wangu ana vali ya moyo ya chuma, ile ya mitrali (upande wa kushoto wa moyo). Anatumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, na dawa za TB. Tangu juzi anahema, na ule mlio wa vali siusikii vizuri.

Mpeleke leo hii kwenye hospitali yenye ECHO (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti), kisha umalizie kusoma. Mlio kufifia na pumzi kubana ni dalili ya damu kuganda kwenye vali. Rifampisini iliyomo kwenye dawa za TB huvunja nguvu ya wafarini, hivyo dozi yake ya zamani huenda haitoshi kabisa. INR yake (kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda) inatakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5. Akimaliza dawa za TB, INR hupanda, kwa hiyo ipimwe mara kwa mara wakati huo pia, asije akatokwa damu. Mboga za majani hugusa nguvu ya wafarini, ila si marufuku. Kinachovuruga ni kula kisamvu na mchicha kwa wingi wiki moja na kuacha wiki inayofuata. Msikubali kubadilishiwa wafarini kwa dabigatrani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda: kwa vali za chuma haifai.

Mshipa wa mguu uliotumika kwenye baipasi hudumu miaka mingapi?

Kwa miaka 10, karibu nusu huwa imeziba. Mshipa wa ateri wa kifuani ukitumika badala yake hubaki wazi kwa zaidi ya wagonjwa 90 katika 100. Aspirini, statini (dawa ya kupunguza kolesteroli) na kuacha sigara ndivyo vinavyorefusha maisha ya ule wa mguu.

Mwanangu wa miezi 6 aliwekewa shanti kwa sababu alikuwa anageuka bluu. Ameanza kuhara.

Shanti ni kimrija kinachopeleka damu kwenye mapafu, na aghalabu kina kipenyo cha milimita 3.5 au 4. Mwili ukikauka damu huwa nzito, na kimrija kinaweza kuziba ghafla. Mpe ORS tangu choo cha kwanza cha maji, na aspirini yake isikatizwe bila daktari wake kusema. Akitapika kila kitu, akilegea au midomo ikizidi kuwa bluu, apelekwe akawekewe dripu usiku huohuo. Mwambie nesi mlangoni kwamba ana shanti ya moyo, asije akapangwa kwenye foleni ya kuhara kwa kawaida.