Ukienda Cartagena usirudie kosa langu

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, anaenda Cartagena kule Kolombia siku tatu, ananiuliza wapi kuna picha nzuri. Nimekaa na meseji yake siku mbili sijaijibu manake hilo ndo swali nililoenda nalo mimi mara ya kwanza, na mpaka leo linaniuma.

Mara hiyo ya kwanza nililipia matembezi ya kikundi, mtembezaji kashika mwavuli juu mbele, sisi watu kama ishirini nyuma yake, jua linachoma na tunakimbizwa kweli kweli. Tulipofika Plaza de los Coches, hapo ukishapita tu lango la mnara wa saa, akatuonyesha wauza peremende, akatuhadithia maharamia na zumaridi, tukapiga picha tukaondoka. Usiku hotelini nikawa nasoma kwenye simu, ndo nakuta uwanja ule ndipo Waafrika walipokuwa wakiuzwa. Mtu mweusi kwenye kundi lile nilikuwa peke yangu, na hakuna aliyeniambia nimesimama wapi. Nililia. Ile picha yangu ninacheka pale ninayo bado, kuifuta siwezi, kuitazama siwezi.

Nikaapa nitarudi. Miaka mitatu nikadunduiza, nikasoma, nikarudi peke yangu.

Mimi mtoto wa Mombasa, Fort Jesus, ile ngome ya Wareno, nimeijua tangu tunapelekwa na walimu. Sasa asubuhi ya kwanza nikapanda juu ya ukuta wa Cartagena mapema kabla jua halijakaza, nikaweka kiganja kwenye jiwe, nikahisi vile vitundu na mikunjo, matumbawe yale! Kama jiwe la kwetu. Na jamani kuna undugu hapo: Drake Mwingereza aliuteka mji huo 1586, ndo mfalme Filipo wa Pili wa Uhispania akamtuma Antonelli, Mwitaliano, aje apange ngome. Filipo huyohuyo ndo alikuwa anaitawala na Ureno wakati Fort Jesus inaanza kujengwa 1593, kwa ramani ya Mwitaliano mwingine, Cairati. Mfalme mmoja, bahari mbili, na sisi hatufundishwi.

Kwa hiyo dada yangu, soma kabla hujapanda ndege. Soma! Ngome ya San Felipe nenda inapofunguliwa tu, mchana utaungua bure. Halafu kanisa la San Pedro Claver usipite mbio. Huyu padri alifika mjini 1610, akawa anashuka kwenye meli za watumwa na maji na chakula, na mifupa yake iko chini ya madhabahu kwenye kioo, utaiona. Lakini mimi nilikaa pale nikawaza wakalimani wake, Waafrika waliokuwa wakishuka naye kuongea na wale wagonjwa kwa lugha zao, nao wenyewe walikuwa watumwa wa Wajesuiti, shirika lake la mapadri. Sifa alipewa yeye. Wakumbuke na wao ukikaa kwenye benchi lile.

Siku moja nzima mpe Palenque, nakuomba. Ni kijiji kama kilomita 50 kutoka mjini, cha uzao wa watumwa waliotoroka wakapigana na Wahispania hadi wakaachiwa waishi huru. Kiongozi wao mkubwa Benkos Biohó alinyongwa 1621, na sanamu yake iko uwanjani, minyororo imekatika. Wanaongea lugha yao, Kihispania kilichochanganyika na Kikongo. Nimekaa kibarazani kwa bibi mmoja, ng'ombe akapita, bibi akamnyooshea kidole akaniambia "ngombe". Nikamwambia na sisi ni ng'ombe! Akanishika mkono akaanza kunipima: mtoto kwao ni "moná", nikamjibu mwana. Mtoto wa watu alicheka mpaka akafuta machozi na khanga, samahani, na kitambaa chake, mimi nilishaona khanga.

Na wale akina mama wa matunda mjini, wenye magauni ya rangi na beseni kichwani, wengi ni wa huko Palenque. Usimpige picha mtu kama ukuta. Msalimie, nunua papai lake, kaa ule hapo hapo, ndo uombe.

Pale Plaza de los Coches simama dakika tano bila simu. Halafu ukifika Palenque muulize bibi yeyote ng'ombe anaitwaje, uniandikie alivyojibu.