Dinosau waliokufa wakipigana

SWALI: Kijana wangu aniambia ati jangwa la Gobi lilitoa dinosau wawili waliokufa wameshikana, ni kweli ama porojo za intaneti? – Mama, Kisauni

JIBU: Kweli kabisa mama, walipatikana 1971 huko Mongolia, Velociraptor, dinosau mla nyama, kamdunga Protoceratops, dinosau mla majani, kucha shingoni naye kamng'ata mkono, halafu mchanga ukawafunika vivyo hivyo, wengi wasema kilima cha mchanga kiliwaporomokea. Hiyo ni zaidi ya miaka milioni 70, manake hata matumbawe yaliyojengea Fort Jesus ni watoto wa juzi tu. Mchanga wenyewe ukageuka jiwe, na ule wekundu wa jiwe hilo ni kutu ya chuma. Mayai ya dinosau pia yako huko Gobi, Wamarekani waliyapata 1923 wakadhani ni ya Protoceratops, kumbe ni ya jamaa za Oviraptor, dinosau aliyesingiziwa wizi wa mayai hayo, maskini!