Usiandike Sifuri Chini ya Bahari

Safari yangu ya kwanza kuvuka Mlango-bahari wa Drake, kati ya Amerika Kusini na Antaktika, nilirudi na mchoro wa kupendeza, nao ulikuwa wa uongo. Nilipima joto na chumvi hadi sakafuni, nikakokotoa kasi ya mkondo unaoizunguka Antaktika, na pale chini nikaandika sifuri. Sasa, joto na chumvi havikuambii maji yanakwenda kasi gani. Vinakuambia tu kasi inavyobadilika kutoka tabaka moja hadi jingine. Pa kuanzia hesabu unapachagua mwenyewe, na mimi nilichagua chini, eti huko kumetulia.

Piga hesabu uone. Mlango ule una upana wa kilomita 800 hivi. Kina tuseme mita 4,000. Ukikosea kasi ya chini kwa sentimita 1 tu kwa sekunde, tabaka zote za juu zinakosea vivyo hivyo, na umekosea mita za ujazo milioni 32 kila sekunde, zaidi ya mara mia ya maji ya mto Amazon! Kwa miaka mingi mkondo mzima ulihesabiwa kuwa mita za ujazo milioni 134 kwa sekunde. Vipimo vya sakafuni vya 2007 hadi 2011 vilitoa milioni 173 hivi, na takriban milioni 45 kati ya hizo ni mchango wa mwendo wa maji ya chini.

Kwa hiyo, kwenye fremu ya vipimo unayoshusha kutoka melini funga kipimakasi cha sauti, kile kinachotuma milio na kusikiliza mwangwi wa chembe zinazoelea. Huko chini maji ni safi mno na mwangwi hufifia, lakini ukikaribia sakafu, sakafu yenyewe inajibu, nawe unajua fremu imesogea kiasi gani. Mwombe wa winchi asiharakishe mita 200 za mwisho. Na dira ya kipimakasi uikague kila ukibadilisha betri, maana betri huivuruga. (Niliwahi pia kusahau tofauti ya kaskazini ya sumaku na ya kweli. Mkondo wangu ukapinda ajabu.)

Kwenye fronti ya polar, yaani mpaka ambapo maji baridi ya Antaktika yanakutana na yale ya kaskazini yenye joto zaidi, usiwe bahili wa vituo, yaani mahali unaposimama kushusha vipimo. Ukitoka kusini, tazama tabaka la maji yaliyo chini ya nyuzi 2: likianza kuzama kupita mita 200, umefika. Hapo mimi huweka kituo kila kilomita 10, kwa sababu mkondo wenye kasi ni mwembamba na kituo cha kila 50 kinaweza kuuruka wote.

Hata hivyo, kushusha mara moja ni picha ya saa chache tu, pamoja na maji kupwa na kujaa. Ukitaka wastani, acha vipimakasi kwenye waya wenye nanga na maboya mwaka mzima, pamoja na kipima shinikizo, kwa kuwa mkondo mkali huuinamisha waya na kuvishusha vipimakasi. Mwaka mmoja tuliita kwa mlio kiachio cha nanga, kile kinachouachia waya upande juu, asubuhi nzima. Kimya. Data ya miezi kumi na miwili ikabaki huko. Siku hizi nafunga viachio viwili sambamba, kila kimoja na betri yake.