Mwanangu, sema kwanza kuwa ni kiini macho

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako nimeusoma, na mama yako nimemsomea. Unauliza: kama David Copperfield wa Marekani ametajirika kwa mazingaombwe, kwa nini na wewe usiache kazi ya hoteli huko Nungwi, ambako wageni wanakupigia makofi kila ukiwachezea karata, ukayafanya hayo ndiyo riziki yako?

Sikukatazi. La halali na haramu kamuulize maalimu wako. Mimi nakujibu la kazi.

Yule bwana kazaliwa New Jersey mwaka 1956, jina lake hasa David Kotkin, baba yake alikuwa na duka la nguo. Alipokuwa na miaka 12 alikuwa keshaanza kuonesha michezo yake mbele za watu, na kwenye miaka 16 akifundisha mazingaombwe Chuo Kikuu cha New York. (Umri huo wewe ulikuwa ukiruka ukuta wa skuli.) Kisha ikaja televisheni: 1983 akaipoteza Sanamu ya Uhuru machoni pa watu, 1986 akapenya Ukuta Mkuu wa China. Hayo ndiyo yanayosimuliwa. Mimi nataka utazame yasiyosimuliwa: pale Las Vegas, kwenye hoteli ya MGM Grand, kwa miaka mingi, wiki nyengine alikuwa akipanda jukwaani hata mara 15. Mchezo ule ule, maneno yale yale, na kila mara ajifanye kama yeye mwenyewe anashangaa. Wewe hadithi ukiirudia mara ya pili tu unapiga miayo.

Na siri nayo haidumu. Mtazamaji mmoja kutoka Uingereza alimshitaki, akidai aliumia 2013 alipoanguka katika mchezo wa kuwapoteza watu 13. Kesi iliposikilizwa 2018, ilibidi ielezwe hadharani kwamba watu wale hupitishwa mbiombio njia za nyuma, wakaibukia upande mwengine wa ukumbi. Jopo la mahakama lilisema uzembe ulikuwepo, ila halikumtoza fidia. Basi kabla hujamwita mtu jukwaani, kagua anapokanyaga.

Lakini shaka yangu kubwa siyo hiyo. Las Vegas mtu anakata tiketi akijua anakwenda kudanganywa. Sisi ni Wapemba. Sifa yetu ya uganga imeshavuka bahari, na wapo wanaofunga safari kuja kutafuta mganga huku. Ukimpoteza njiwa uwanja wa Tibirinzi siku ya Idi, Idi pili mlangoni petu atasimama mama na mtoto wa degedege mgongoni, pesa kazifunga kwenye pindo la kanga. Utamwambia nini? Na watakuwepo watu wa kukushauri uzipokee.

Houdini, mfanya mazingaombwe wa Marekani aliyetamba enzi za mababu zetu, miaka ya 1920 alikuwa akiwaumbua waliodai kuzungumza na wafu, kwa kuwa mbinu zao zote alizijua. Copperfield naye hospitalini kaingia, tena tangu 1982, kwa mpango wake uitwao Project Magic: wagonjwa hufundishwa michezo midogo ya mikono ili vidole vilivyokufa ganzi vizoee tena kazi, na watabibu wao wapo pale pale. Mgonjwa anapewa siri yenyewe, hauziwi muujiza.

Kwa hiyo radhi zangu unazo kwa sharti moja. Kila mchezo, kabla ya chochote, useme kuwa hiki ni kiini macho, hapana jini wala kombe la uganga hapa. Useme kwa Kiswahili, siyo kile Kiitaliano chako cha hotelini. Watakaoondoka kwa sababu hiyo, waache waende.

Hoteli usiiache mpaka msimu wa wageni umalizike. Na huyo uliyenitajia kuwa anataka kukusimamia, mkataba wake niletee niusome kabla hujatia saini, hasa pale panaposema video zitakuwa mali ya nani.

Wasalaam,
Baba yako