Kupunguza matiti kwa ajili ya shingo

Dada uliyeuliza kama kupunguza matiti kutakutoa kwenye maumivu ya shingo ya miaka sita: mimi nilifanyiwa, na shingo ilitulia. Ila usikimbilie kisu. Daktari aikague kwanza shingo yenyewe, maana ukiwa na ganzi mikononi au vidole vinachomachoma, huenda shida iko kwenye pingili za mifupa ya shingo, na hapo matiti yanasingiziwa tu. Halafu pima upya sidiria. Mimi nilikuwa navaa ndogo, mikanda imenichimba mitaro mabegani hadi ngozi ikawa nyeusi. Sidiria ya saizi yangu na mazoezi ya viungo vilinipunguzia maumivu, havikuyamaliza.

Operesheni unafanyiwa kwa nusu kaputi, saa 2 hadi 4 hivi. Kovu huwa na umbo la nanga: duara kuzunguka chuchu, mstari unaoshuka, na mwingine chini ya titi. Litafifia, halitaondoka. Chuchu inaweza kupoteza hisia na kunyonyesha kukawa kugumu, kwa hiyo kama bado unataka watoto, mwambie daktari mapema. Wiki 6 hivi usibebe ndoo wala mtoto. Mimi hata nywele nilisukwa nimeegemea mito.

Bima nyingi zitakuambia huo ni urembo. Tunza kila cheti cha hospitali, na vile vipele vya chini ya matiti vipige picha.

Mashangazi wakisema unamkosoa Mungu, waambie waje wakubebee wao.