Ukata wa kaya haupimwi Novemba

Wiki iliyopita nimeletewa ujumbe na kijana wa Nachingwea. Kamaliza chuo, kapata kibarua cha utafiti, anatakiwa kupima ni kaya ngapi zimebanwa kifedha katika halmashauri yake. "Shikamoo dada, naomba unipitie dodoso langu kabla sijatoa nakala." Nikalifungua. Swali la kwanza: kaya ina mikopo mingapi benki? La pili: kuna rejesho lililochelewa zaidi ya siku 90? Nilicheka peke yangu, kisha nikamwandikia jibu refu. Kwa kuwa wengine mnaniuliza hayo hayo kila mwaka, nalitoa hapa.

Maswali hayo najua yalikotoka. Marekani wana kaunti zaidi ya 3,000, na mtu akiwa ofisini kwake anaweza kuzipima zote bila kubisha hodi hata mlango mmoja. Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya New York ina sampuli ya asilimia 5 ya watu wenye taarifa za mikopo, zinazotoka Equifax, kampuni inayotunza rekodi za mikopo, majina yameshafutwa. Unahesabu waliopitisha siku 90 bila kulipa, unaongeza waliokwenda mahakamani kutangaza kufilisika, unapaka ramani rangi. Kazi nzuri, siidharau. Lakini hata kule, asiyewahi kukopa kwenye mfumo haonekani kabisa.

Huku kwetu huyo asiyeonekana ndiye mwenyeji. Deni lake liko kikobani (kikundi cha kuweka na kukopa), liko kwa shemeji, liko AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), na zaidi ya kote liko kwenye daftari la duka. Nenda Tandahimba au Newala, kaa na mwenye duka hadi akuzoee (siku ya kwanza hakuonyeshi, na ana haki). Atakutolea kaunta buku iliyochakaa pembe. Mama Fulani, sukari robo, sabuni kipande, chumvi. Aliyelipa, mstari wake umekatwa kwa kalamu nyekundu. Wengi wakiona mistari mingi isiyokatwa wanasema hao ndio waliobanwa. Hapana. Mwenye duka anayemwandikia mtu leo bado anamwamini kwamba korosho zikitoka atalipa. Mtafute yule ambaye sukari ilipotea kwanza kwenye mistari yake, ikabaki chumvi na kiberiti, halafu jina likakoma ghafla na deni la nyuma halijakatwa. Huyo duka limemfungia. Muulize mwenye duka anaishi wapi, nenda.

Jambo la pili ni kangomba. Mkulima anauza korosho zikiwa bado ua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu Agosti ana mgonjwa au hana hela ya salfa, dawa ya mikorosho. Serikali inaipiga vita, kwa hiyo ukiuliza "umeuza kangomba?" kila mtu atakujibu hajui hata maana yake. Mimi siulizi hivyo. Nauliza shamba lina mikorosho mingapi na mwaka huu ameokota magunia mangapi. Baadaye, mwishoni kabisa, nauliza ni kilo ngapi zimepita ghalani kwa jina lake. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo ukata wenyewe. Mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuuza korosho kupitia ghala na mnada, upo tangu msimu wa 2007/08, rekodi zipo, lakini ukizisoma bila kufika shambani utaona kijiji kina tajiri mmoja mwenye ekari mbili na mzigo wa ajabu. Siyo tajiri wa shamba huyo. Amebeba korosho za majirani.

Sasa niseme la moyoni. Kuna taasisi moja, jina lake nalimeza, ilituajiri kupima hali ya kaya katika wilaya kadhaa za Mtwara. Bajeti ilichelewa huko juu, tukaingia vijijini Novemba. Novemba! Minada imechangamka, malipo yanaingia, bodaboda mpya zimejaa, kila jioni ngoma. Nikamkuta bibi mmoja Newala amevaa kanga mpya, anacheka, ananiambia, "Mwanangu, andika tumeshiba." Nikaandika tumeshiba. Usiku nikamweleza msimamizi wetu, tena kwa adabu zote, kwamba tunapima sherehe. Akanijibu mbele ya wenzangu kwamba kazi yangu ni kujaza, kufikiri kuna wenyewe. Ripoti ikatoka na picha nzuri za korosho, ikisema wilaya iko salama. Mkataba wangu haukuendelea. Februari nikarudi kwa yule bibi kwa nauli yangu. Alikuwa ameacha kununua maji ya ndoo, anateremka bondeni mwenyewe kuyafuata kwa magoti yale. Kanga niliikuta imefungiwa mahindi ya kukopa. Tangu hapo ndoo ya maji ni swali langu la lazima kwa vijiji vya huko juu uwandani: wiki hii mmenunua ngapi, na wiki kama hii kabla ya Krismasi mlinunua ngapi?

Hadi leo linaniuma, sifichi. Lakini mwaka huu ofisi ya mipango ya halmashauri mojawapo imeniita nieleze mbinu hiyo hiyo, na chai nikaletewa. Yule msimamizi alikuwa ukumbini. Nilimwamkia.

Jueni kwamba wakubwa wanaojua kazi walishaliona hili zamani. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulikusanya takwimu mwaka mzima, mwezi baada ya mwezi, ili msimu usidanganye. Ndio uliotupa ile asilimia 26.4 ya Watanzania walio chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, mstari wenyewe ukiwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Ila sampuli ya namna ile inakwambia habari za mkoa. Lindi ni mkoa wa watu 1,194,028 kwa sensa ya 2022, na Kilwa ya samaki haifanani na Liwale. Ukitaka wilaya, lazima uongeze kaya zako mwenyewe, na usichague kwa kufuata orodha ya TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini) peke yake, maana hapo utapata waliokwisha kutambuliwa na kuwakosa walioanguka mwaka huu.

Na msichanganye kipato na pesa. Novemba 2018 Rais Magufuli alitangaza serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kusomba. Zikaja timu za uhakiki kuwachuja wanunuzi wa kangomba, na wapo wakulima waliosubiri malipo kwa miezi. Kwenye karatasi mtu ana mamilioni, nyumbani anakopa unga. Ungempima kwa kipato ungemwandika tajiri.

Kwa hiyo pima anachofanya mtu ili ale. Kuna maswali matano yanayotumika dunia nzima, yote ya siku saba zilizopita: mmekula chakula msichokipenda kwa sababu ni rahisi, mmeazima chakula, mmepunguza kipimo kwenye sahani, mmepunguza milo, wazazi wameacha kula ili watoto wapate. Hilo la mwisho lina uzito wa 3, kuazima 2, mengine 1 kila moja. Unazidisha kwa idadi ya siku, unajumlisha. Mtoto wa darasa la saba anaweza. Lakini uliza mwezi sahihi. Narudia, mwezi sahihi. Vijana mnapenda tableti na programu za ramani, na kuamka alfajiri kumuwahi mama kabla hajaenda shamba hamtaki. Mnataka kuitwa wataalamu na viatu havina vumbi. Mtu anayewafungulia sufuria yake amewapa heshima, nanyi mnamharakisha amalize mfikie kaya nyingine. Acheni.

Mdogo wangu wa Nachingwea, swali la benki lisogeze mwisho, usilifute. Walimu na wauguzi watalijibu, na wana kausha damu zao, mikopo ya riba kubwa, za kutisha. Mikopo ya simu iulize peke yake, faragha, mume akiwa nje. Umeniuliza pia ufanyeje kama bosi ana hela ya mzunguko mmoja tu wa kukusanya takwimu. Mwambie Februari: hela za korosho zimeisha, michango ya shule imepita, mahindi bado mabichi. Akipata za mizunguko miwili, wa pili uwe Septemba, kabla mnada wa kwanza haujatangazwa. Akilazimisha Novemba, andika tarehe hiyo kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, na nakala moja nitumie.