Umepewa Addis na Dar? Kaa hapa kwanza

Juzi msomaji wangu mmoja, dada wa hapa hapa Nairobi, ameniandikia inboksi ati amepandishwa cheo, sasa ni meneja wa kanda, Addis Ababa na Dar es Salaam ziko chini yake, aanzie wapi. Kwanza hongera mami. Pili, mimi hakuna aliyenikalisha chini kunieleza, kwa hivyo leo utasikia yote.

Nilikuwa ofisi moja Upper Hill (siitaji) chini ya bosi kutoka Ulaya aliyekuja na slaidi zake za mambo ya utamaduni. Zile za Hofstede, yule Mholanzi aliyepima tamaduni za nchi kwa alama, akichambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM ya kati ya 1967 na 1973. Mholanzi sina ugomvi naye. Lakini kwa hesabu zake Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia zilitiwa kapu moja, zikapewa alama moja ya Afrika Mashariki, na bosi akaimeza hivyo hivyo. Nani alimwambia mtu wa Addis na mtu wa Kariakoo ni mmoja?

Basi akapanga kwenda kusaini mkataba Addis tarehe 7 Januari. Nikamwambia bosi, hiyo ni Krismasi yao. Akacheka, ati Krismasi si imeisha. Akapanda ndege, akapata ofisi imefungwa, akarudi akaandika kwa ripoti kwamba wale watu hawako siriasi! Baadaye mzee wao akaja Nairobi, tukampeleka Kenyatta Market kula nyama choma, siku ya Ijumaa, na Waorthodoksi wa kule Jumatano na Ijumaa wanafunga, nyama hawagusi wala maziwa. Mzee akanywa chai ya rangi, mbavu zikapoa. Na muda wote bosi anamwita kwa jina la pili, ambalo kule ni la babake, wao humwita mtu kwa jina lake mwenyewe. Yaani mchana kutwa alikuwa anaongea na marehemu.

Mimi ndio nilipiga simu Septemba 11 kuwapa salamu za mwaka wao mpya, nikaendelea kupiga, mwishowe mkataba ukasainiwa. Bonasi alipata nani? Tuwache. Imepita. (Haijapita.)

Sasa wewe dada, uliza kabla hujapanga. Kalenda yao ina miezi 13 na iko nyuma yetu miaka 7 au 8, kwa hivyo mkataba uandike tarehe zote mbili. Wakikuambia mkutano ni saa tatu, uliza saa tatu ya nani, maana wao huhesabu kuanzia kukicha kama nyanya zetu, na sisi tungefaa kuwa wa kwanza kuelewa ila tukishavaa suti tunajifanya tumezaliwa London.

Dar huko shida ni sisi. Mkenya anaingia ofisi ya watu moja kwa moja, "nipe ile ripoti", hajaulizia habari za asubuhi, shikamoo hajampa mzee wa mapokezi, halafu analia ati Watanzania wako slo. Sema naomba. Salimia mpaka salamu ziishe. Uliza, uliza, uliza, cheo hakikupi macho jamani, watu wanapewa magari ya kampuni na bado hawaoni aliyeketi mbele yao!

Na ukimwonya bosi wako kuhusu tarehe, mwonye kwa imeli, usimwambie tu kwa mdomo kama mimi.